Mzee Wesonga Aliyeisomea Seme Jua

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Uliye jikoni, punguza moto. Uliye dukani, mwambie mteja angoje kidogo, hatakimbia. Na akikimbia, hakuwa na nia ya kununua.

Leo tunamkumbuka Nicodemus Wesonga. Nicodemus Wesonga, fundi wa sare za shule kule Manyatta, mume wa Metrine, baba yake Debra. Wengi wenu hamkumjua kwa sura, mlimjua kwa sauti. Ndiye aliyekuwa akisoma hali ya hewa ya wakulima hapa hapa redioni, asubuhi, kabla yangu mimi Nabututu kuingia na matangazo ya vifo. Yeye aliwaambia kama mtanyeshewa, mimi nikawaambia ni nani hatanyeshewa tena. Wiki iliyopita nililisoma jina lake yeye. Kifua kilimsumbua, kikamshinda. Atazikwa Jumamosi hii, kwao Funyula.

Kwenye kipindi hiki, marehemu huwa mtu mwema tangu tumboni mwa mama yake. Nimesoma marehemu wengi hapa na sijawahi kukutana na mlevi hata mmoja. Leo haitakuwa hivyo. Leo ni habari ya aibu, wasikilizaji. Iko aibu ya marehemu, na iko aibu ya mtu aliye hai. Huyo aliye hai alikuja hapa juzi kwa miguu yake akaniomba niisimulie. Metrine, mjane, alikuwa ameketi pale kando. Alisikia yote, akasema, "Sema, mama. Usimpake marehemu mafuta."

Basi sikilizeni.

Wesonga alizaliwa Funyula, akaja Kisumu kijana, akajifunza cherehani, akakaa Manyatta. Alikuwa mtu mfupi, mpole, na kifua chembamba kama ubao wa kupigia pasi. Lakini Mungu alikosea, akamtilia humo ndani sauti ya mtu mwingine. Alisoma matangazo ya kanisa hapa Kondele, na hata aliposema choo cha akina mama kimefungwa kwa matengenezo, watu walijibu "Amina." Meneja wetu alimsikia Jumapili moja akamwomba aje asome hali ya hewa.

Kazi ilikuwa ndogo. Idara ya hali ya hewa ilituma karatasi, naye akaisoma. Narudia, ili tusikosane mbele ya safari. Karatasi ilitoka kwa waliosomea mawingu, Wesonga akaisoma. Yeye mwenyewe hakujua wingu linatoka wapi wala linakwenda wapi.

Sasa twende Seme. Ukitoka Kisumu kwenda Bondo, ukifika Holo, umeingia Seme. Mwisho wa Mei, siku kama hizi zetu, masika yanakata pumzi. Maharagwe yamekauka shambani na kila mama anatazama juu. Unayang'oa, unayaanika uani, unayapiga kwa fimbo, unapepeta, unaweka. Yakilowa yakiwa yameanikwa, yanaota mkia palepale chini. Hayaliki vizuri, hayauziki, na mbegu ya msimu ujao imekwenda. Kwa hiyo mwisho wa Mei, mama wa Seme anaweza kukosa ibada, lakini hakosi hali ya hewa.

Na kuna jambo jingine ambalo wote tunalijua na wote tunajifanya hatulijui. Huku kwetu mtu akiwa na mazishi au harusi, anatafuta mtu wa kumshikia mvua mpaka wageni wale washibe. Jumapili tuko kanisani tumeinua mikono. Jumatatu tunatuma kuku Bunyore, kwa Waluhya wanaoshika mvua. Msinitazame hivyo.

Mama mmoja wa Seme anaitwa Benta. Benta alifiwa na mama mkwe wake, msimu wa mvua. Akawaza: kwa nini niende mbali kwa mtu wa mvua, na yuko mmoja anayesema redioni kila asubuhi? Tena ni Mluhya, kama wale wa Bunyore. Kwa Benta, Mluhya ni Mluhya. Kwamba Wesonga wa Funyula ni mtu wa Samia, na kwamba huko Samia hakuna aliyewahi kushika hata umande, hilo halikumhusu.

Akaja hapa Kondele na kuku. Alipanda ngazi zetu, akamkuta Wesonga anatoka studio.

"Mzee, mimi ni Benta, natoka Seme. Jumamosi tunazika. Naomba unishikie mvua mpaka watu wale."

"Mama, mimi siishiki. Nasoma karatasi tu."

"Ndiyo, ndiyo," Benta akasema, akimkonyezea jicho. "Hata daktari anasoma karatasi."

"Mama, nakuambia ukweli."

"Najua hamruhusiwi kusema. Mimi sitasema."

Akamfunga kuku kwenye mguu wa kiti, akashuka ngazi. Wesonga angeweza kumfuata. Hakumfuata. Alimtazama kuku, kuku akamtazama, na Wesonga akaona kwamba kuku ni mnene. Akaenda naye nyumbani.

Jumamosi ile jua liliwaka Seme mpaka mchungaji akafupisha mahubiri.

Kuanzia hapo, wasikilizaji wapendwa, ngazi zetu zilijua miguu ya Seme. Waliletwa kuku, yakaletwa mapapai, zikaletwa omena, dagaa wa ziwani, kwenye gazeti. Mara ya pili Wesonga alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nasoma tu." Mara ya tatu alicheka. Baadaye aliacha kusema, akawa anaitikia kwa kichwa. Akajifunza kunyamaza kidogo kabla ya kutaja siku, kama mtu anayeuliza ruhusa juu. Akanunua kofia. Wanawake wa Seme wakamwita Jakoth, yaani mtu wa mvua, naye akageuka alipoitwa.

Metrine alimwonya. Ananiambia: "Nilimuuliza, Baba Debra, wewe unashika mvua ya watu, na mabati yetu yanavuja juu ya kitanda?"

Alisogeza kitanda.

Hapo ndipo mnielewe. Mtu huyu maisha yake yote alipiga magoti mbele ya watoto wa watu, akiwapima miguu kwa ajili ya kaptura. Hakuna aliyewahi kumwinukia kwenye kiti. Na sasa mama mzima anavuka kutoka Seme kumwita Mzee kwa mikono miwili. Utamu huo ulimwingia. Alijua si wake, akaula.

Ikaja Mei ile yenyewe, miaka kadhaa iliyopita. Benta akarudi, na mara hii hakuja na kuku. Alikuja na kondoo.

"Mzee, huyu ni wa kijiji kizima. Akina mama wote wamechanga, isipokuwa mke mwenzangu, yule mkaidi. Alisema tunalisha msomaji. Nilimcheka mpaka akaingia ndani akafunga mlango. Tupe jua siku tatu tu. Alhamisi mpaka Jumamosi. Tung'oe, tuanike, tumalize."

Wesonga akaitikia kwa kichwa.

Karatasi ya wiki ile ikafika. Aliisoma peke yake kwanza, kama kawaida. Ilisema mvua kubwa kuanzia Alhamisi mchana, huenda na mawe, pande zote za ziwa mpaka Seme. Ilisema wakulima wangoje wiki ijayo. Nyumbani, nusu ya kondoo ilikuwa kwenye sufuria na nusu ilikuwa imeliwa.

Metrine anasema alimwona pale mezani. Aliinua karatasi, akaiweka, akaiinua tena. Alikuwa anafikiri nini? Alimwambia baadaye, ndiyo maana nami najua. Alifikiri: si mara moja karatasi imesema mvua na tukaona jua. Kwa nini isiwe safari hii? Halafu akafikiri: nikisoma mvua, Benta atauliza kondoo alikwenda kufanya nini. Na mke mwenzake atacheka. Na ile kofia nitaivaa wapi?

Hakufikiria maharagwe, wasikilizaji. Hilo ndilo lililomuua pole pole miaka yote iliyofuata. Alifikiria kofia.

Asubuhi akaketi mbele ya kipaza sauti. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo nikipanga marehemu wangu. Akanyamaza kidogo, jinsi alivyojifunza. Akasema, "Wakulima wa Seme, Alhamisi hadi Jumamosi ni jua. Ng'oeni. Anikeni." Kwa sauti ile ya Injili. Hata mimi nilisema "Amina."

Seme nzima ikang'oa.

Alhamisi mchana Wesonga alikuwa kwenye cherehani. Upepo ukaja kutoka ziwani, mlango ukapigwa. Halafu mabati yakaanza. Si mvua ya kawaida, ilikuwa mvua ya mawe, yanadunda uani kama mtu anamwaga njugu. Metrine akaleta karai, akaliweka pale panapovuja. Akamwita ale, hakuja. Alibaki na mguu juu ya kanyagio la cherehani, bila kukanyaga.

"Inanyesha Manyatta tu," akasema.

"Baba Debra," Metrine akamwambia, "tazama upande wa Seme."

Hakutazama.

Siku mbili baadaye Benta akafika Manyatta. Wesonga alimwona kwa mbali, akajua amekuja kumtukana, na Metrine anasema alishukuru kidogo. Alitaka kutukanwa. Benta akaingia, akafungua pindo la leso. Ndani mlikuwa na maharagwe, yamevimba, kila moja na mkia mweupe. Na chini ya kwapa alikuwa na kuku.

"Pole, Mzee," Benta akasema. "Pole sana. Ni nani huyo aliyekuzidi nguvu?"

Wesonga akamtazama kuku.

"Sisi hatukulaumu. Tunajua ni vita. Kuna mtu amelipwa kutuharibia. Kula huyu kuku urudishe nguvu. Na uje Seme watu wakuone, wamekuonea huruma sana."

Heri angempiga, wasikilizaji wapendwa. Heri angemtemea mate. Wesonga alikwenda naye Seme hivyo hivyo, kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Kila ua aliopita uliota mikia myeupe. Wanawake waliacha kuokota, wakasimama wakimwambia pole. Mwenye maharagwe yaliyooza anampa pole aliyeyaozesha! Wakampa kiti chenye mgongo. Wakampa chai ya maziwa na yai la kuchemsha. Yai akalirudisha sahanini.

Akamwita Benta kando, nyuma ya jiko.

"Mama Benta. Mimi sina nguvu yoyote. Hakuna aliyenizidi. Karatasi ilisema mvua. Nilisoma jua."

"Usijidharau, Mzee. Umechoka tu."

"Sijidharau. Sikiliza. Nilikuwa nimekula kondoo, nikaona aibu kusoma mvua."

Benta akacheka. Akamtazama usoni, na kicheko kikakatika.

"Kwa hivyo wewe ni msomaji?"

"Msomaji tu. Nilikuambia siku ile ya kwanza."

"Kwa hivyo kondoo wa watu nilimpeleka kwa msomaji?"

"Ndiyo, mama."

Benta akageuka kutazama uani, ambako mke mwenzake alikuwa amekaa mlangoni, magunia yake bado matupu. Huyo hakuwa ameng'oa wala kuanika, yake yalikuwa bado shambani. Alingoja.

"Nyamaza," Benta akamwambia Wesonga. "Nyamaza kabisa. Hawa wanawake ni mimi niliwaambia. Wewe hukusema, ni mimi nilisema. Wakijua, nitaishi wapi? Yule pale atanicheka mpaka nife. Waache waamini umeshindwa."

"Wataleta kondoo mwingine, Benta. Wataanika tena."

"Nyamaza!"

Wesonga alirudi Kondele na tatizo lake. Akinyamaza, watu wa Seme wataendelea kumpa imani yao, na Mei nyingine itakuja. Akisema ukweli wote, Benta amekwisha kijijini kwake. Asubuhi akaketi hapa, mahali hapa ninapokaa. Hakunyamaza kidogo kabla ya kuanza, safari hii. Akasema haraka, kama mtu anayetapika:

"Watu wa Seme. Mimi si mtu wa mvua. Niliwadanganya. Mimi mwenyewe ndiye niliyeeneza kwamba naweza kushika mvua, ili nile vyenu. Karatasi ilisema mvua, nikasoma jua. Hakuna mwingine wa kulaumiwa."

Mmesikia? "Mimi mwenyewe ndiye niliyeeneza." Huo ulikuwa uongo wa pili, wasikilizaji. Hakueneza yeye. Lakini alivuta aibu yote upande wake, kama mtu anayevuta blanketi.

Meneja alimwondoa siku hiyo hiyo. Nami niliamini alivyosema. Sote tuliamini.

Alikwenda Holo siku ya soko kuomba msamaha. Hakuna aliyemwinukia. Angekuwa mganga aliyeshindwa wangemsamehe. Msomaji aliyedanganya hawakumsamehe. Wanawake wakamzunguka, na aliyetangulia mbele ya wote, mwenye sauti kubwa kuliko wote, alikuwa Benta.

"Ndiye huyu!" Benta akapiga kelele. "Huyu mfupi! Alituma watu wake wakatuambia ana mvua! Sema kama si kweli! Sema!"

Wesonga akamtazama. Kofia hakuwa nayo tena. Alikuwa na neno moja tu la kusema na Benta angeanguka pale pale sokoni, mbele ya mke mwenzake.

"Ni kweli, mama," akasema.

Akamwagiwa maharagwe yaliyooza. Metrine aliyatoa kwenye kola ya shati lake jioni, hakumuuliza kitu. Alikuwa anajua tayari.

Tangu siku hiyo vijana wa Kondele walimwita Mganga. "Mganga, leta jua!" Binti yake Debra anafanya kazi Bondo, na njia ya Bondo ni Seme, hakuna nyingine ya karibu. Debra ananiambia: "Gari likifika Holo, Baba anainama kufunga kamba za viatu. Anafunga mpaka tupite Kombewa. Siku moja niliangalia chini. Alikuwa amevaa ndala."

Tulicheka, mimi na Debra. Halafu hatukucheka tena.

Hivyo ndivyo alivyoishi Nicodemus Wesonga. Alishona sare, akaenda kanisani, akakaa viti vya nyuma. Matangazo hakuyasoma tena, ingawa aliombwa. Wiki iliyopita akafa, nikamsoma.

Benta alinisikia nikimsoma. Alikuwa Seme, uani, na maharagwe ya mwaka huu yako mbele yake. Juzi akapanda ngazi zetu. Amezeeka kidogo, sote tumezeeka. Metrine alikuwa amekuja kurekebisha tangazo la mazishi. Benta hakumtambua baada ya miaka hiyo, akanieleza yote yeye akisikiliza. Alipomaliza nikasema, "Huyu ndiye mjane."

Benta akakaa chini sakafuni, si kwenye kiti.

"Kwa nini hakunitaja?" akauliza. "Pale Holo nilikuwa namtukana huku naomba asinitaje. Naye alikuwa ananitazama tu. Kwa nini?"

Metrine akamjibu, wala hakupandisha sauti. "Nilimuuliza mimi pia. Alisema wewe unaishi na wale watu. Yeye alikuwa anarudi Manyatta."

Benta alilia vibaya, bila kujifunika. Nilimpa maji. Kisha, kwa sababu mimi ni mzee na ulimi wangu hauna lango, nikamuuliza: "Nikisimulia, niseme mama mmoja wa Seme?"

Akafikiri. Akasema ndiyo, afadhali hivyo. Akaaga. Akafika mlangoni, akashuka ngazi mbili tatu, nikasikia miguu imesimama. Akarudi.

"Mama Nabututu, taja Benta."

"Mke mwenzako anasikiliza redio hii."

"Najua. Yeye ndiye anayeongeza sauti. Taja."

Ndiyo maana mmesikia nikilitaja jina lake toka mwanzo. Si utovu wangu wa adabu, ingawa ninao. Jana Benta ameondoka kwenda Funyula. Amesema watakapouliza kaburini kama kuna mwenye neno, atainuka. Hajui kama familia ya Wesonga itamsikiliza au itamfukuza. Amesema wakimfukuza ataelewa.

Kwa Metrine, kwa Debra, na kwa ukoo wote wa Nicodemus Wesonga huko Funyula, sisi wa redio hii tunawapa pole. Poleni kwa msiba. Na poleni pia kwa miaka ile tuliyomwita Mganga nasi tukacheka. Watu wa Seme, mlioyaanika leo, nawatakia heri. Hali ya hewa siku hizi inasomwa na binti mwingine, na ukitaka kuiona karatasi, panda uione.

Na wewe unayenisikiliza sasa, tulia kidogo. Mtafute moyoni mtu anayeibeba aibu yako. Huenda hajakuambia anaibeba. Huenda anainama unapopita. Kama yuko hai, mwendee leo, mwambie mbele za watu. Usingoje jina lake lifike mezani kwangu, kwa sababu mimi nikishalisoma, mama, nikishalisoma, baba, umechelewa.